Boda na Tuktuk Zishuke Kwenye Kabro

Pikipiki haina haki ya kupita kwenye njia ya waenda kwa miguu. Tuktuk haina. Pikapu inayoshusha viazi haina, wala gari dogo lililopandishwa magurudumu mawili juu ya kabro ya njia hiyo kwa kisingizio cha "dakika moja tu". Katika miji ya Meru na Embu mambo haya yamezoeleka kiasi kwamba mtu akisimama mbele ya pikipiki na kuuliza inatafuta nini hapo, yeye ndiye anayepigiwa honi na kutukanwa. Mazoea haya ni kosa kisheria, yanavunja watu mifupa, na wanaopaswa kuyakomesha wana ofisi, mishahara na sheria mkononi.

Tujiulize kwanza ni nani hasa anayetembea katika miji hii. Ni mama anayetoka soko la Gakoromone na mzigo wa ndizi mgongoni, kamba imemkaa kwenye paji la uso, asiyeweza kugeuza shingo kutazama kinachomjia nyuma. Ni mgonjwa aliyeruhusiwa kutoka Hospitali ya Rufaa ya Meru, anajikongoja kwenda kutafuta matatu. Ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Embu au wa Shule ya Kangaru anayefuata barabara kuu ya Meru jioni, magari yakimpita ubavuni. Ni mtoto wa chekechea aliyeshikwa mkono na dada yake wa gredi ya nne. Mvua za masika na za vuli zikianza kunyesha chini ya Mlima Kenya, mitaro ikajaa na udongo mwekundu ukageuka utelezi, ile kabro ndiyo sehemu pekee kavu waliyo nayo. Hawana pengine pa kukanyaga.

Sheria haina utata. Marekebisho ya Sheria ya Trafiki ya mwaka 2012 yalikataza kuendesha chombo cha moto juu ya njia ya waenda kwa miguu ili kukwepa msongamano, yakaweka faini ya hadi shilingi 30,000, au kifungo cha hadi miezi mitatu, au vyote viwili. Kanuni za makosa madogo za mwaka 2016 zikalitaja kosa hilo na kuliwekea faini ya papo hapo ya shilingi 5,000. Katika kanuni hizo hizo, kubeba abiria zaidi ya mmoja kwenye pikipiki kunatozwa shilingi 1,000. Yaani waliozitunga waliona kupanda njia ya miguu ni kosa zito mara tano kuliko kubeba mishikaki. Na Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, ilikabidhi kaunti kazi ya trafiki na maegesho katika maeneo yao. Kwa hiyo Meru na Embu haziwezi kusema zinangoja amri kutoka Nairobi.

Waendeshaji boda wana jibu, na tunalichukulia kwa uzito. Wanasema hawapandi kabro kwa starehe. Wanapanda kwa sababu barabara imewafukuza. Ni kweli. Simama kwenye mteremko wowote wa mji wa Meru saa ya jioni utazame jinsi hatari inavyoshuka kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Lori la mchanga linaibana matatu. Matatu, inayogombania abiria, inaibana boda. Boda inapanda kabro na kumbana mama mwenye ndizi. Mama hana wa kumbana. Anashuka mtaroni, au anashuka barabarani kukutana na lori lile lile. Kila mmoja katika mlolongo huo ana sababu yake, na kila sababu ukiisikiliza peke yake inaonekana ya haki, lakini mwisho wake ni kwamba hatari yote ya barabara amebebeshwa mtu asiye na chuma cha kumkinga, asiye na kofia ngumu, asiye na bima. Takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani, NTSA, zinaonyesha matokeo yake mwaka baada ya mwaka: barabara za Kenya zinaua zaidi ya watu 4,000 kwa mwaka, na kundi linalopoteza wengi zaidi ni la waenda kwa miguu.

Ndiyo maana hatukubali hoja kwamba boda ikibanwa barabarani basi na ipite juu. Anayebanwa na matatu adai matatu idhibitiwe, nasi tutamuunga mkono kwa nguvu zetu zote. Hana ruhusa ya kumpitishia mwingine mateso yake.

Je, ni kipi basi kinachostahili kupita hapo? Tunapendekeza kipimo kisichojali jina la chombo wala umaskini au utajiri wa mwenyewe. Kipimo ni uzito na mwendo: kitu kinachoweza kumuua mtu kikimgonga kisikanyage njia yake. Mtu mzima hutembea kama kilomita tano kwa saa. Pikipiki yenye dereva na abiria mmoja inapita kilo 200 bila shida, na hata ikienda "polepole" inakwenda mara nne au tano ya mwendo wa mguu. Tuktuk ina upana wa karibu mita 1.3. Nafasi inayotosha viti viwili vya magurudumu kupishana ni mita 1.8. Ondoa ya kwanza katika ya pili uone mwenye miguu ameachiwa nini: nusu mita, pembeni mwa ukuta wa duka.

Wapo watakaotuambia kwamba nchi nyingine huchanganya. Huko Marekani, mji wa Peachtree City katika jimbo la Georgia una takriban kilomita 160 za njia zilizojengwa mbali na barabara za magari, na wakazi wanazitumia pamoja kwa vigari vya gofu, baiskeli na miguu. Watu wanakwenda dukani kwa kigari cha gofu, na watoto wanapita kwa baiskeli papo hapo. Mfano huo hautupingi. Njia zile zilijengwa zikijua kigari kitapita. Kila kigari kinasajiliwa na mji na kubandikwa namba. Chenyewe hakikimbii kuliko baiskeli ya kijana mwenye nguvu, na magari na pikipiki hayaruhusiwi kuingia. Mji uliamua kwanza nani anaingia, ukajenga kwa kipimo cha uamuzi huo, ukaandika namba za walioruhusiwa. Sisi tulimwaga kabro kwa kipimo cha nyayo, kisha tukanyamaza, na ukimya wetu ukasomwa kama ruhusa.

Kiti cha magurudumu kina haki ya kwanza kwenye njia hiyo, hata kiwe kinaendeshwa kwa betri, kwa sababu hicho ndicho miguu ya mwenye nacho. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali popote pa umma, na haki hiyo haina maana kama njia imezibwa na pikipiki sita zilizopangwa zikisubiri abiria. Kigari cha mtoto kinapita. Baiskeli ya mtoto mdogo inapita. Baiskeli ya mtu mzima, hasa iliyofungwa magunia au mitungi ya maji, ikae barabarani, isipokuwa pale njia ni pana na imechorwa mstari wa kutenganisha.

Mkokoteni ndio uliotupa kazi. Hauna injini, na anayeusukuma ni mmoja wa watu wanaofanya kazi ngumu kuliko sote mjini. Lakini mkokoteni uliojaa kabichi ukishika mteremko wa Meru hauna breki ila kipande cha tairi kilichofungwa nyuma na nguvu za kifua cha mtu mmoja. Ukimponyoka haumchagui wa kumkanyaga. Hukumu yetu ni kwamba mkokoteni, wa mtu au wa punda, hauna nafasi kwenye kabro. Upite ukingoni mwa barabara, uwe na viakisi mwanga mbele na nyuma, na kaunti iutengee saa za alfajiri na mahali pa kupakia na kushusha karibu na masoko. Kuufukuza bila kuuonyesha pa kwenda ni uonevu, na tutasema hivyo siku askari wa kaunti watakapoanza kuivunja mikokoteni kwa kisingizio cha tahariri hii.

Kuna jambo la pikipiki za umeme pia, ambazo zinaongezeka nchini na ambazo wengine wameanza kuzitetea kwamba hazitoi moshi wala kelele na kwa hiyo hazimsumbui mtu. Kutotoa moshi ni heri kwa mji mzima. Lakini kukosa kelele kunazifanya ziwe hatari zaidi kwenye njia ya miguu. Asiyeona hutegemea sikio, na mama mwenye kamba kwenye paji la uso hutegemea sikio. Pikipiki ya umeme ni pikipiki.

Yote haya yanahusu mahali penye njia. Sehemu kubwa ya Meru na Embu haina. Toka Embu mjini, pita Runyenjes, vuka Tharaka Nithi kupitia Chuka hadi Nkubu na Meru, na utakuta kilomita nyingi ambako mtu, mtoto wa shule, baiskeli, ng'ombe na boda wanagawana ukingo mmoja wa lami. Hapo hatuwezi kumwambia boda ashuke kwenye kabro, kwa kuwa hakuna kabro. Na juu ya ukingo huo huo kuna magari ya miraa yanayotoka Maua na Laare. Kila mtu wa huku anaijua haraka yao. Miraa hupoteza nguvu ndani ya siku mbili hivi baada ya kuchumwa, na ndege haisubiri. Uingereza ilipopiga marufuku zao hilo mwaka 2014, na Somalia ilipofunga soko lake kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022, familia za Igembe zinazolima miraa ziliumia, na gazeti lolote la eneo hili linajua uchungu huo. Lakini haraka ya shada la miraa haiwezi kulipwa kwa maisha ya mtoto anayetoka shule. Gari linalopita jingine kwa upande wa ukingo, kwa mwendo wa kilomita 100, linapita mahali ambapo watu wanatembea. Dereva anajua. Mwenye gari anajua. Na polisi walioketi kwenye vizuizi vyote kati ya Maua na Nairobi wanajua.

Barabara hii ya Embu hadi Meru tayari imetufundisha kwa gharama isiyovumilika. Jioni ya Julai 24, 2022, basi lilitumbukia kutoka daraja la Nithi na watu zaidi ya 30 wakafa. Wale walikuwa abiria, na kilio chao kilisikika nchi nzima. Wanaokufa mmoja mmoja wakitembea kando ya barabara hiyo hiyo hawaletewi helikopta wala mawaziri, ingawa wao pia wanazikwa na watu waliowapenda. Tunaitaka Mamlaka ya Barabara Kuu, KeNHA, ijenge njia ya miguu iliyoinuliwa kila mahali barabara hii inapopita soko, shule na hospitali. Kabla ya hapo mwendo mbele ya shule na masoko uwe kilomita 30 kwa saa, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakipendekeza popote magari na watu wanapochanganyika. Sheria yetu inaruhusu 50 mijini, na hata hiyo haiheshimiwi.

Turudi mjini, kwa sababu huko kosa linafanyika mbele ya macho ya ofisi zenyewe. Mpango wa kuimarisha miji uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ulioanza takriban mwaka 2018, uligusa miji 59 ya Kenya, Meru na Embu zikiwemo. Kabro ikipigwa picha ikiwa mpya na wakubwa wakikata utepe, kila mtu anakubali kwamba hiyo ni njia ya watu. Miezi sita baadaye imekuwa steji ya boda, karakana ya kubadilishia mpira wa tairi, na maegesho ya wenye duka. Kaunti hizi zinakusanya ada za maegesho kila siku. Mwenye gari aliyeegesha mahali halali analipa, na aliyeegesha juu ya njia ya mama mwenye ndizi anaondoka bure. Hatujui namna ya kuueleza utaratibu huo kwa mtu mwenye akili timamu.

Zipo nguzo fupi za saruji zinazoweza kusimamishwa mwanzoni mwa kila njia, na tunazitaka. Lakini tusidanganyane. Kiti cha magurudumu kinahitaji nafasi ya takriban sentimita 90 kupita kati ya nguzo na nguzo, na usukani wa pikipiki haufiki upana huo. Nguzo zitazuia tuktuk na pikapu, boda itapenya. Saruji haitoshi kumzuia mwenye boda. Anahitaji steji halali yenye paa, karibu na abiria wake, ili asiwe na sababu ya kusimama kwenye kabro, na anahitaji kujua kwamba akipanda juu atatozwa ile 5,000 kwa risiti, si noti ya 100 mkononi mwa askari. Polisi anayepokea noti hiyo ameuza njia ya watu wengine. Anastahili kushtakiwa kabla ya boda.

Kila steji ina mwenyekiti wake na utaratibu wake wa nidhamu, ambao ukitaka kujua nguvu zake muulize kijana aliyewahi kukosana na wenzake. Viongozi hao wapewe kazi. Steji ambayo wanachama wake wanakamatwa tena na tena juu ya njia ya miguu ipoteze kibali cha mahali pake kwa muda. Watajirekebisha wenyewe haraka kuliko operesheni yoyote ya polisi. Hatuwachukii vijana hawa. Tangu kodi ya pikipiki ndogo ilipoondolewa mwishoni mwa muongo wa 2000, boda imewalisha maelfu ya nyumba za Meru na Embu, na usiku wa manane, mwanamke akishikwa na uchungu kijijini Manyatta au Tigania, mara nyingi hakuna gari jingine litakalokuja. Anayefanya kazi ya thamani kiasi hicho anastahili barabara salama na steji yake. Hatumpi kabro.

Operesheni za ghafla hazitatusaidia. Machi 2022, baada ya mwanamke kushambuliwa na kundi la waendeshaji boda jijini Nairobi, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru msako nchi nzima. Ulisitishwa siku chache baadaye, na kila kitu kikarudi kilivyokuwa. Tofauti yake ni kanuni za matatu za John Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, zilizoanza Februari 2004. Kwa muda ambao zilisimamiwa bila upendeleo, matatu zote zilichorwa mstari wa manjano, mikanda ikafungwa, abiria wa kusimama wakaisha. Wakenya walitii kwa kuwa hakuna aliyesamehewa. Zilidhoofika usimamizi ulipodhoofika, wala si kwa sababu watu wetu hawawezi sheria.

Nairobi ilipitisha mwaka 2015 sera ya usafiri usio wa magari, ikaahidi kutenga asilimia 20 ya fedha za barabara kwa miguu na baiskeli. Utekelezaji wake umechechemea, lakini angalau mkazi wa Nairobi ana karatasi ya kuwashika viongozi wake nayo. Mkazi wa Meru na wa Embu naye anastahili karatasi yake: sheria ndogo ya kaunti inayotaja chombo kwa chombo nani anapita kabro na nani hapiti, inayotenga steji kwa ramani, inayozuia kuegesha juu ya njia ya miguu kwa gharama ya gari kuvutwa, na inayosema mapato ya faini hizo yatajenga njia zaidi. Wachuuzi waliojitandaza juu ya kabro nao watengewe masoko kabla ya kuondolewa. Hilo tutalijadili kwa kina siku nyingine, maana wao hawaui mtu kwa kumgonga.

Makadirio ya bajeti hufikishwa kwenye mabunge ya kaunti kufikia Aprili 30 kila mwaka. Yakifika Meru na Embu bila fedha za steji, za nguzo na za askari wa kuzilinda njia hizi, wawakilishi wadi wayarudishe kwa magavana siku hiyo hiyo, na wasiyapitishe mpaka fedha hizo ziandikwe.